Uzi maalumu: Kulima kolirabi nyumbani, Arusha na Moshi

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye kipande cha ardhi nyuma ya jiko, au hata ndoo chache barazani, ambao wamekutana na pakiti ya mbegu yenye picha ya mboga wasiyoijua: bonge la kijani au la zambarau lililokaa juu ya udongo, majani yakichomoza juu na ubavuni. Mboga hiyo inaitwa kolirabi. Kwa anayeuliza kama inaota huku kwetu, jibu fupi ni kwamba inaota, na hali ya hewa ya Arusha inaifaa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Jibu refu ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu kinachowaangusha wengi si udongo wala mvua, bali mazoea ya mikono yetu. Tunaipalilia kama viazi, tunaichuma kama sukuma wiki, tunaisubiri kama kabichi, na kila zoea kati ya hayo linaiharibu kwa namna yake.

Tuanze na mmea wenyewe. Kolirabi, kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa zote ni spishi moja, *Brassica oleracea*, na tofauti yake imetokana na sehemu ambayo wakulima wa kale waliichagua na kuikuza kizazi baada ya kizazi. Kwenye kabichi walichagua majani yanayojifunga, kwenye brokoli wakachagua vichwa vya maua ambavyo havijafunguka, na kwenye kolirabi wakachagua shina linalonenepa. Bonge tunalokula ni shina, si mzizi, nalo hukaa juu ya ardhi likionekana lote. Naomba jambo hili likae kichwani, maana mengi nitakayoyasema yanatokana nalo. Wala isidhaniwe kwamba ni mboga ya Wazungu peke yao: Wajerumani wanaila sana, ni kweli, lakini Kashmir ni mboga ya kila siku, majani na bonge pamoja, na Vietnam huikata vipande vyembamba wakaikaanga.

Kuhusu msimu, kolirabi hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi joto 15 hadi 20 hivi. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kipindi cha Juni hadi Agosti, tunapotoa makoti kabatini, ndicho kinachotoa bonge tamu na laini kuliko vipindi vyote. Moshi mjini ni habari nyingine, kwani uko chini ya mita 1,000 na mchana wa Januari na Februari joto hupita nyuzi 30. Kolirabi ikikutana na joto hilo huku maji yakiwa ya kubahatisha haifi. Inaonekana nzima kabisa kwa nje, lakini ndani ya shina inajenga nyuzi ngumu. Kwa hiyo mwenzangu wa Pasua au Majengo asie mbegu mwezi Mei, ili mabonge yanenepe Julai na Agosti mwanzoni, wakati jua limepungua makali. Wa Kibosho, Machame na Marangu wana uhuru zaidi, kwa kuwa mlima unawapa ubaridi ambao mjini haupo. Ila nao wanaokaa juu sana, pamoja na wenzetu wa miteremko ya Meru, wafunike vitalu vyao usiku wa baridi kali, kwa sababu miche michanga ikikaa kwa muda mrefu chini ya nyuzi 10 inaweza kutoa maua kabla ya kutoa bonge.

Mbegu. Aina mbili za zamani zinazopatikana kwa urahisi ni White Vienna, yenye ngozi ya kijani kilichofifia, na Purple Vienna, yenye ngozi ya zambarau. Ndani zote mbili ni nyeupe. Mimi naipendelea ya zambarau kwa anayeanza, kwa sababu isiyohusu ladha hata kidogo: miche ya kolirabi ikiwa michanga inafanana mno na ya kabichi na sukuma wiki, na ile rangi ya zambarau kwenye kishina inakusaidia kuitambua hata kama watoto wameng'oa vijiti vyako vya alama. Ulizeni kwanza kwenye maduka ya pembejeo ya mjini, na kama hawana, mwenye duka anaweza kuwaagizia kwa msambazaji wake. Someni tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti. Tafadhali, msimwagize ndugu aliyeko Ujerumani awaletee mbegu ndani ya begi la nguo. Mbegu inayoingia nchini hutakiwa kuwa na kibali cha kuiingiza pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka, na mamlaka inayosimamia jambo hilo, TPHPA, ina makao makuu hapa hapa Arusha. Magonjwa ya jamii ya kabichi husafiri pia kwa mbegu, kwa hiyo si urasimu wa bure.

Kitalu chake hakina maajabu. Chukua trei au sanduku la mbao lenye matundu chini, weka udongo laini uliochanganywa na samadi iliyoiva vizuri na mchanga kidogo, fukia mbegu kina cha sentimita 1, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo na weka kivuli chepesi. Mbegu nzuri huota ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kama umesia wakati wa masika, hakikisha kitalu kina paa, kwa sababu mvua ya Aprili na Mei hulaza miche na kuleta ule ugonjwa wa kinyausi unaoozesha vishina usawa wa udongo. Baada ya wiki tatu hadi nne, miche ikiwa na majani manne au matano ya kweli, iko tayari kuhamishwa. Siku chache kabla ya hapo iondolee kivuli kidogo kidogo ili ilizoee jua.

Sasa tunafika kwenye kupandikiza, na hapa naomba tutulie. Mche wa kabichi ukiufukia shina kidogo hauna shida, tena wengine wanapenda ufukiwe ili usiyumbe. Mche wa kolirabi upandwe kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, usizidi. Kile kipande cha shina kilichopo kati ya udongo na majani ya kwanza ndicho kitakachovimba kuwa chakula chako. Ukikifukia, unyevunyevu wa udongo unaweza kukiozesha, au kikavimba vibaya, kirefu na chenye umbo lisiloeleweka. Jambo hilo hilo lirudiwe wakati wa palizi. Sisi tuliokulia kwenye viazi na mahindi, jembe likishika magugu, mkono wenyewe unavuta udongo kuja kwenye shina. Kwa kolirabi palilia kwa mkono au kwa kijembe kidogo, na udongo uliorukia kwenye shina uuondoe. Mizizi yake mingi iko juu juu, hivyo jembe la kuchimba sana huikata.

Nafasi inayofaa ni sentimita 20 kati ya mche na mche, na sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Ukibana zaidi ya hapo utapata majani mengi na mabonge madogo. Kwa wenye ndoo, kopo au kiroba, kina cha sentimita 20 hadi 25 kinatosha, mradi kuwe na matundu ya kutolea maji. Ndoo ya lita 20 ibebe mche mmoja, au miwili kwa anayependa ubishi.

Udongo wetu wa majivu ya volkano, Arusha na Kilimanjaro, una rutuba nzuri, lakini bustani nyingi za mjini zimejengewa juu ya kifusi na moramu, kwa hiyo msijivunie sifa za mlima kabla ya kuchimba mkaona mna nini. Changanya samadi iliyoiva wiki mbili kabla ya kupandikiza. Mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni iwekwe kidogo, mara moja tu, wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza. Ikizidi, mmea unaingia kwenye majani na kulisahau bonge.

Maji ndiyo yanayoamua ulaini. Kolirabi haihitaji maji mengi, inahitaji maji yasiyokatika. Ikikaa kavu kwa siku kadhaa kisha ikapata mvua kubwa au ndoo nzima kwa mkupuo, bonge hupasuka ubavuni, na ufa ule ni mlango wa kuoza. Weka matandazo ya nyasi kavu, ya majani ya migomba au, kwa wenzetu wa Moshi waliojaliwa, ya maganda ya kahawa, ila matandazo yasiguse shina.

Kisha kuna kuvuna, na hapa ndipo wengi wanapoipoteza mboga nzuri waliyokwisha kuilima. Wiki sita hadi nane baada ya kupandikiza, bonge hufikia upana wa sentimita 5 hadi 8, yaani kama chungwa dogo. Hapo ndipo lilipokomaa kwa kuliwa. Jicho lililozoea kabichi linaona bado, linasema tulipe wiki mbili lijaze, na kweli linaongezeka, likafika sentimita 12, likapendeza kupiga picha. Ndani limeshakuwa kuni. Ukitaka mabonge makubwa, tafuta mbegu ya aina iliyozalishwa kwa ajili hiyo, kama Kossak, ambayo inafika sentimita 20 bila kukakamaa, ingawa inataka nafasi na muda zaidi. Kwa aina za kawaida, kata mapema.

Namna ya kujua kabla ya kuharibu sufuria zima ni hii. Kata shina chini ya bonge, sentimita 2 hivi juu ya udongo, kwa kisu chenye makali. Kisha geuza bonge, tako likutazame, na sukuma ncha ya kisu pembeni pale mzizi ulipoanzia. Ikiingia kwa upole na maji yakachuruzika kidogo, bonge ni zuri lote. Ikikwama na ukasikia mchakacho wa nyuzi, anza kumenya kutoka chini kwenda juu, ukiivuta ngozi pamoja na lile tabaka jeupe lenye michirizi lililo chini yake, mpaka ufike kwenye nyama inayong'aa kama imelowa. Sehemu ya juu mara nyingi inakuwa bado inalika hata kama tako limekuwa gumu. Ngozi yenyewe haiivi hata ukiichemsha kutwa. Imenye.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji, Soweto, Moshi

Shikamoo mwanzisha uzi, na asante kwa maelezo ya kina. Mimi nilipata miche kwa jirani, nikaipanda kwenye tuta lenye samadi nyingi ya ng'ombe kando ya mnafu na sukuma wiki. Imestawi vizuri sana, majani makubwa ya kuvutia, nami kila wiki nimekuwa nikichuma majani ya chini kwa ajili ya mboga ya jioni kama ninavyofanya kwenye sukuma. Lakini bonge halionekani. Shina limenenepa kidogo tu kama kidole gumba na limesimama hapo hapo. Je, nimepewa miche ya kitu kingine, au nivumilie?

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Marahaba, dada yangu. Kama shina limeanza kunenepa juu ya udongo, basi ni kolirabi, jirani hajakudanganya. Nadhani maelezo yako yenyewe yana sababu mbili. Ya kwanza ni kuchuma majani. Sukuma wiki tunaichuma kutoka chini na mmea unapanda juu, unatoa mengine, kwa kuwa kazi yake yote ni kutoa majani. Kolirabi inatumia majani hayo hayo kutengeneza sukari inayokwenda kuhifadhiwa kwenye shina. Ukiyatoa kila wiki, hakuna kinachobaki cha kuweka akiba. Chuma jani moja moja, tena likiwa limeanza kuzeeka, na mmea usibaki na majani chini ya sita. Siku ya kuvuna bonge ndipo unayapata majani yote kwa mara moja, na yanapikwa vile vile kama sukuma wiki, ingawa vikonyo vyake vinataka kuondolewa.

Sababu ya pili ni samadi. Ikiwa nyingi, hasa ikiwa haijaiva, inausukuma mmea kwenye majani. Usiongeze mbolea yoyote sasa. Acha kuchuma, mwagilia kwa mpangilio, hakikisha tuta linapata jua kwa muda wa saa sita kila siku, kisha liangalie baada ya wiki mbili au tatu. Kama iko chini ya mgomba au mparachichi, kama ilivyo kwenye vihamba vingi, kivuli nacho kinachangia.

Mchangiaji, Ngaramtoni

Wakuu, mimi nalima kabichi na karoti za biashara, na naomba niseme neno ambalo huenda halitapendeza. Kila baada ya muda tunaletewa mboga mpya kwa sifa nyingi, huku loshuu, mnafu na mgagani, ambazo bibi zetu walizilima bila kununua pakiti, zinazidi kupotea mashambani. Hapa hapa Arusha kuna Kituo cha Mboga Duniani ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kukusanya na kuboresha mboga zetu za asili, na wageni wanatoka mbali kuja kujifunza. Sisi wenyeji tunakimbilia kolirabi. Isitoshe, nikiipeleka soko la Tengeru siku ya Jumamosi, nani atainunua? Mama atasimama, ataigeuza, atauliza inapikwaje, kisha atanunua chainizi aende zake.

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Mkuu, hoja yako ya sokoni ni ya kweli na siibishii. Asitokee mtu akasoma uzi huu akalima robo eka ya kolirabi akitumaini masoko ya Kilombero au Tengeru. Wanunuzi wake ni baadhi ya hoteli, wapishi wa makundi ya watalii, na familia chache zilizoizoea, na wote hao mtu huongea nao kabla ya kusia mbegu, tena akubaliane nao kiasi na wiki ya kupeleka, kwa sababu ikipitiliza wiki mbili shambani haiuziki. Mimi nazungumzia tuta moja la nyumbani.

Kuhusu mboga za asili, sioni kwamba kimoja kinafukuza kingine. Kabichi na karoti unazolima nazo zililetwa, na hazikumzuia mtu kula mnafu. Kilichopunguza mnafu ni kukosa nafasi mjini na vijana kutojua kuupika. Lakini nakubaliana nawe kwa jambo moja ambalo hukulisema waziwazi: loshuu haina ugeni wa kujifunza. Anayetaka mboga ya uhakika kwa ajili ya watoto wiki ijayo, apande loshuu au mchicha. Kolirabi ipandwe na anayetaka kuongeza kitu mezani na mwenye subira ya kuiangalia.

Mchangiaji, Ngaramtoni

Nimekuelewa. Basi niongeze la kitaalamu, maana wadudu wa kabichi nawafahamu kuliko majirani zangu. Kwa kuwa ni jamii moja, adui ni wale wale. Wa kwanza ni sota, anayekata mche usiku usawa wa ardhi na mchana kujificha kwenye udongo. Ukikuta mche umelala asubuhi, fukua kuuzunguka, utamkuta amejikunja. Kwa bustani ndogo, zungushia kila mche kipande cha kopo au cha karatasi ngumu kilichozama kidogo ardhini. Wa pili ni nondo mgongo almasi, ambaye viwavi wake wadogo wa kijani hutoboa majani wakiacha utando mwembamba kama kioo, na ukiwagusa hujiangusha wakining'inia kwenye uzi. Huyu amezoea dawa nyingi kwa sababu sisi wakulima wa biashara tumezipiga kiholela. Kwa nyumbani, neti ya bustani iliyofunikwa tangu siku ya kupandikiza inatosha kumzuia nondo asitage. Asitumie mtu chandarua chenye dawa ya mbu juu ya mboga za kula.

Wa tatu ni vidukari, ambao hujazana katikati ya majani machanga wakiwa na unga wa kijivu. Maji yenye sabuni kidogo, yakirushwa kwa nguvu chini ya majani asubuhi, yanawapunguza. Akilazimika mtu kununua kiuatilifu, anunue kilichosajiliwa, asome kwenye kibandiko siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuvuna, na azizingatie, kwa sababu kolirabi hukaa bustanini muda mfupi na ni rahisi kula dawa.

Ugonjwa wa kuogopwa ni uozo mweusi. Utauona kwenye ukingo wa jani, rangi ya njano yenye umbo la V, ncha ikielekea katikati, na mishipa ya jani imekuwa myeusi. Ng'oa mmea huo, usiutupe kwenye mboji. Wala usipande kolirabi pale ulipotoa kabichi, sukuma, figiri au chainizi; weka maharage, vitunguu au karoti kwanza, na ukiweza, tuta hilo lisirudie jamii ya kabichi kwa miaka mitatu.

Mchangiaji, Njiro

Mbona hakuna aliyemtaja kuku? Kwangu neti haikuwekwa kwa ajili ya nondo, iliwekwa kwa ajili ya jogoo wa jirani.

Nina maswali mawili. Mume wangu ana kisukari na daktari amemshauri apunguze wanga. Je, bonge hili lina wanga kama kiazi? Pili, mnaipikaje? Watoto wangu wameonja ya kuchemsha wakasema haina ladha.

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Dada, kuku nimemsahau kweli, na kwa miche ya wiki ya kwanza ni hatari kuliko viwavi wote aliowataja mkuu wa Ngaramtoni.

Kwa swali la kwanza, kolirabi si kiazi hata kama inajaza mkono. Gramu 100 za kolirabi mbichi zina kilokalori 27 tu, wanga gramu 6 hivi, ambapo zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi, na vitamini C miligramu 62 hivi. Kwa hiyo ihesabuni pamoja na mboga, si pamoja na ugali au ndizi, ila kiasi na mpangilio wa mlo wa mzee vibaki kwa daktari wake.

Kwa la pili, watoto wana haki. Ya kuchemshwa kwenye maji mengi inapoteza utamu na kubaki na harufu ya kabichi. Mimi naanza kwa kuila mbichi: menya, kata vipande virefu vyembamba, nyunyizia chumvi, pilipili ya unga na ndimu, kama tunavyokula embe changa barabarani. Inatafunika kwa mlio, ina maji, ina utamu kidogo na ukali wa mbali sana wa figili. Ikikunwa inaingia kwenye kachumbari ya nyama choma na inastahimili siki kuliko tango. Ukitaka ya kupika, kaanga kitunguu na nyanya, tia vipande vidogo vya kolirabi vikaange navyo dakika kama tano, kisha weka tui la nazi na binzari, funika mpaka vilainike bila kuvurugika. Majani yakatwe membamba yaingie mwishoni. Maharage pia yanaipokea vizuri, ilimradi itiwe maharage yakiwa yameshaiva.

Mchangiaji, Soweto, Moshi

Nashukuru, nimeacha kuchuma na nimekata matawi ya mparachichi yaliyokuwa yakiziba jua. Naomba swali la mwisho. Sukuma wiki yangu naizalisha kwa machipukizi ya ubavuni, sijanunua mbegu kwa muda mrefu. Je, kolirabi naweza kuacha mmea mmoja utoe mbegu za msimu ujao? Na mabonge yakikomaa yote kwa pamoja nitayahifadhi vipi, nami sina friji?

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Mbegu utanunua, dada. Kolirabi kwa kawaida hutoa maua katika mwaka wake wa pili, baada ya kupitia baridi ya muda mrefu, na Soweto hiyo baridi huipati. Hata ikitokea ikachanua, nyuki watachanganya chavua yake na ya sukuma wiki au kabichi ya jirani iliyochanua wakati huo, na mbegu utakayovuna itakupa mmea usiojulikana ni shina au ni majani. Kama pakiti yako ni ya chotara, hata bila nyuki watoto hawatafanana na mama. Jambo jema ni kwamba mbegu za jamii hii, zikiwekwa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, pakavu na pasipo joto, hudumu miaka mitatu hadi minne, kwa hiyo pakiti moja huimalizi kwa msimu mmoja.

Ndiyo maana pia kwa hifadhi naona dawa yake ni kwenye kusia. Usisie pakiti nzima siku moja. Sia mistari michache, na baada ya wiki mbili sia mingine, ukiishia katikati ya Juni ili joto lisikukute. Yaliyokwisha kukomaa, kata majani yote siku hiyo hiyo ya kuvuna, kwa kuwa yakiachwa yanaendelea kunyonya maji ya bonge na kulinyong'onyesha. Usiyaoshe. Yaweke kwenye kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa kibichi, mahali pa baridi chini ya meza ya jikoni, uyakague kila siku na utumie kwanza yanayoanza kulegea. Ukiwa na jirani mwenye friji, mpe mabonge mawili naye akutunzie kumi. Humo, yakiwa ndani ya mfuko wenye matundu, yanafika wiki mbili au zaidi.